Mwenyeji wa Mji wa Maneno

Haya nimeyapata kwa mjukuu wangu mwenyewe, Jumamosi ya wiki iliyopita, baada ya chakula cha mchana, akiwa ameketi mkekani kati ya magoti yangu nami nikimsuka. Mtu anayesukwa hana pa kukimbilia. Kichwa chake kiko mikononi mwa mwenzake, basi husema. Nilipoanza mstari wa kwanza tulikuwa tunazungumzia mvua, nilipofika utosini alikuwa ameshaingia kwenye habari hii, na sikumkatiza.

Mjukuu huyu ni mpokea simu wa ofisi ya maji. Bomba likipasuka mtaani kwenu ukapiga simu umewaka hasira, yeye ndiye anayekuitikia, na mpaka unakata umeshatulia. Anaingia kazini alfajiri, anatoka saa nane mchana. Macho yalimpotea akiwa na miaka kumi na saba, kwa ugonjwa. Tulilia tukamaliza, naye akalia akamaliza, kisha akajifunza kila kitu upya, kuanzia kifungo cha blauzi. Nyumba yetu anaijua kutushinda. Umeme ukikatika, sisi tunapapasa ukuta, yeye anapita katikati yetu na sufuria ya moto akituambia tumpishe.

Kinachomsumbua huko nje si magari, ni watu wema. Akisimama kando ya barabara akimngoja mwenzake, mtu mwema anatokea, anamshika mkono na kumvusha. Hajaombwa. Siku moja alivushwa hadi ng'ambo ambako hakuwa na shida nako. Akiwa bado anatafuta namna ya kurudi, wa pili akamdaka, akamtembeza hadi kituo cha mabasi, akamwachia hapo na kumwambia pole dada. Alifika kazini amechelewa, akiwa amesaidiwa sana.

Hata nyumbani ni vilevile. Binti yangu, yaani mama yake, ni mshonaji, na mikono yake haijui kukaa. Anamkatia nyama kwenye sahani, anamwekea kijiko kiganjani, anamtangulizia viatu mlangoni. Nilishamwambia amwache mtoto apumue, akanijibu, mama, ungekuwa wewe ungemwacha? Sikurudia tena, maana nisingemwacha.

Sasa kuna mchezo. Mimi nilidhani ni michezo hii ya kurusha mipira kwenye kioo, kumbe siyo. Ni mji mzima usio na picha hata moja, ni maneno matupu. Unaandika unataka kwenda wapi, kaskazini au kusini, juu au chini, na kompyuta inakuandikia ulipofika: uko mbele ya duka la mishumaa, mlango uko mashariki, paka amelala kizingitini. Watu wa nchi za mbali huingia humo kwa mtandao, kila mmoja na jina alilojipachika. Wanakutana, wanabishana, wanapigana na majoka, wanabadilishana kofia. Kompyuta ya mjukuu wangu haimwonyeshi kitu, inamsomea masikioni, na ameizoesha kusoma mbio kama mahindi yanayomwagwa juu ya bati. Mimi nikiazima kile kisikizio siambulii hata neno. Yeye anaelewa yote, huku anakunywa chai.

Mji huo una vyumba na njia zaidi ya elfu moja, na kuna sheria moja kali. Ukitaka kutoka mchezoni, lazima ufike kwenye nyumba ya wageni na kupanda kitandani. Ukizima kompyuta ukiwa njiani, siku ukirudi unajikuta huna kitu, umevuliwa mpaka viatu. Ndiyo maana wageni hupata taabu. Mtu anaingia mara ya kwanza, anatembea hatua kumi, hajui alikotoka wala nyumba ya wageni iko wapi, na huku nyumbani kwake chakula kinapoa.

Hapo ndipo mjukuu wangu alipopata cheo. Miaka sita ametembea mji ule, mpaka ameuweka wote kichwani. Mgeni akipiga kelele kwamba amepotea, yeye humuuliza, umesimama wapi, unasikia nini, mlango uko upande gani? Kisha humwambia njia, neno kwa neno. Ipo amri ya kumfungia mgeni nyuma yako kama mbuzi, ukienda naye anakwenda, lakini yeye hakuitumia hata siku moja. Alisema mtu akiburutwa hajifunzi njia, anajifunza kamba. Wakazi wa mji wakamwita Mwenyeji. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wakamtania, na kweli alikuwa anapona.

Kwa sababu mle ndani hakuna aliyejua kwamba haoni. Wala hakudanganya mtu. Hakuulizwa, hakusema. Kwa saa mbili tatu kila jioni alikuwa mtu anayeulizwa njia. Aliniambia, "Bibi, huku nje kila mtu ananiambia ninakokwenda. Mle walikuwa wananiuliza wao." Hilo ndilo alilokuwa nalo, na hilo ndilo lililotaka kumponyoka.

Mwenye kuutunza mchezo ule ni kijana wanayemwita Seremala, kwa kuwa ndiye anayejenga vyumba na kuviziba vikivuja. Ni mtu mwema na mchapakazi, ila ni wa haraka. Huyu Seremala aliwaonea wageni huruma. Akakaa miezi akatengeneza ramani inayojichora yenyewe. Ukiingia chumba, juu ya maneno yake inatokea picha ndogo iliyochorwa kwa alama, nyota pale uliposimama, vistari kwa njia, visanduku kwa nyumba. Tena si kuchora tu. Ukiandika nenda sokoni, miguu yako inakwenda sokoni yenyewe na wewe umekaa. Wageni walishangilia. Ni chombo kizuri, hata mjukuu wangu anakiri. Mimi mwenyewe ningekuwa mgeni ningekitaka.

Lakini yeye, Jumatatu ile ramani ilipofunguliwa, aliingia mjini kama kawaida, akaandika kaskazini, na masikioni mwake ikaanza: nyota, kistari, kistari, jumlisha, mshazari, nafasi, nafasi, nyota, kistari. Mistari ishirini ya namna hiyo, kila hatua. Kompyuta yake haijui kwamba ile ni picha. Inasoma alama moja moja kama mtoto anayetamka herufi asizozielewa. Mpaka ifike kwenye maneno yenyewe, kwamba uko mbele ya daraja, wenzake wameshavuka daraja na kuanza kubishana ng'ambo.

Jioni hiyo alikuwa na wageni watatu wa kuwapeleka kwenye lango la juu. Aliwapeleka mtaroni. Alikuwa ameruka mistari ili kuikimbia ile kelele, akairuka na sentensi iliyosema barabara imechimbwa. Mmoja wa wageni akamuuliza kama amekunywa kitu. Akajibu kwamba mtandao unasumbua. Kesho yake akapoteza mwingine. Siku ya tatu akakaa kwenye benchi lake sokoni, humo mchezoni, akatangaza kama desturi yake kwamba yupo, mwenye shida ya njia aulize. Hakuuliza mtu. Wageni walikuwa wanapita mbele yake, mmoja baada ya mwingine, wakipelekwa na miguu yao.

Alimwandikia Seremala. Alimpongeza kwanza, kama inavyopasa, kisha akamwomba afikirie kuiondoa ile picha, kwa sababu inajaza mahali. Seremala akajibu kwa utani kwamba wenyeji wa zamani ndivyo walivyo, wakiona lami wanaanza kuusifu udongo. Akauliza sababu hasa ni nini, maana wageni mia wameisifu na yeye peke yake ndiye analalamika. Mjukuu wangu akaandika sababu akaifuta. Akaandika tena akaifuta. Mwisho akamjibu kwamba basi, si kitu.

Siku nne hakuufungua mchezo. Nakumbuka siku hizo. Alikuwa akitoka kazini anaketi sebuleni na sisi, na mama yake akafurahi. Akamletea mto, akamletea chai na kijiko tayari kikombeni, akamwambia ni vizuri amepumzika na lile dude. Mimi niliona tu kwamba anacheka tunapocheka, lakini anachelewa kidogo, kama mtu wa upande wa pili wa simu. Sikumuuliza. Kumbe alikuwa anapima. Akisema haoni, ramani itaondolewa na atarudi kufanya kazi yake, lakini hatakuwa tena yule mtu. Asiposema, hatakuwa mtu yeyote mle.

Siku ya tano akasema. Nimemwomba anitajie alivyoandika, akanitajia kwa moyo, maana ni maneno machache. "Mimi sioni. Ni miaka kumi na miwili sasa. Mji huu nausikia, na ramani yako masikioni mwangu ni kelele. Ndiyo sababu hasa." Akatuma, akaenda kufua ili asingoje.

Aliporudi jibu lilikuwa limefika, refu. Seremala aliomba radhi kwa ule mtaro, kwa udongo, kwa lami, kwa kila kitu. Katikati akamweleza kwamba ipo amri ya kuizima ile picha, na imekuwepo tangu siku ya kwanza. Unaandika zima ramani, basi. Ilikuwa imeandikwa kwenye tangazo lenyewe la Jumatatu, la kuitambulisha ramani, mwisho kabisa, chini ya mfano wa ramani. Mjukuu wangu alikuwa ameanza kulisikiliza lile tangazo, akafika kwenye mfano, nyota, kistari, kistari, akakata.

Hapa niliacha kusuka. Nikamuuliza, kwa hiyo siri ya miaka sita ameitoa kwa jambo la maneno mawili? Akaniambia, "Ndiyo, mke mwenzangu, na nilichelewa kucheka." Tukacheka wote wawili, tena sana, mpaka binti yangu akachungulia kutoka kwenye cherehani yake kuona kuna nini. Tukamwambia hakuna kitu.

Lakini siku ile haikuwa ya kucheka, maana Seremala, kwa ule wema wake wa haraka, hakuishia kwenye barua. Alipachika tangazo kwenye lango la mji. Ndugu wakazi, Mwenyeji wetu haoni. Popote tutakapomkuta, tumsaidie.

Wakamsaidia. Kile chombo cha ramani kilikuwa na amri ya kumbeba mwenzako ukampeleka mahali kwa mara moja, iliyowekwa kwa ajili ya wageni waliozimia. Sasa akisimama njia panda akifikiri, mtu anambeba na kumweka sokoni. Akitoka sokoni, mwingine anambeba na kumweka nyumba ya wageni, akidhani amechoka. Mtu mmoja alimbeba katikati ya sentensi. Alikuwa anamweleza mgeni njia ya kisimani, na alipofika kwenye neno geuka akajikuta mbele ya mnara, na yule mgeni hayupo. Wakaanza kumwandikia, Mwenyeji, angalia kuna ngazi. Ngazi ile yeye ndiye aliyewahi kumwambia Seremala aiweke. Wazee wa mji waliokuwa wakibishana naye mpaka matusi sasa wanamwitikia ndiyo ndiyo, na kila sentensi inaishia na pole.

Hakuna aliyemkosea. Ndicho kilichomwumiza. Mtu akikukosea unagombana naye, ukamaliza. Huyu anayekushika kiwiko kwa huruma utamwambiaje akuachie? Jambo hilo miaka kumi na miwili hajalipatia jibu barabarani, na sasa barabara ilikuwa imemfuata mpaka ndani.

Akakata shauri. Jumapili asubuhi, siku asiyokwenda kazini, aliingia mjini mapema, kabla wabebaji hawajaamka, ili agawe vitu vyake, alale kwenye nyumba ya wageni na asirudi tena. Alikuwa na taa, ngazi ya kamba, majoho mawili na sanduku la funguo alizokusanya miaka sita. Taa ameshampa muuza mishumaa. Joho moja alikuwa amelitundika kisimani lichukuliwe na atakayelipata. Ndipo kwenye mlio wa wageni, ule wa kuombea msaada ambao kila mtu mjini anausikia, yakasomwa maneno ya mtu aliyekasirika.

Mgeni huyo alikuwa amejiita Mfalme wa Radi. Wageni ndivyo walivyo, wanaanza na ufalme. Alisema yuko kwenye kiwanda cha ngozi tangu jana, kwenye chumba cha kukaushia. Ramani inamwambia atoke kwa mlango wa mashariki, anatoka kwa mlango wa mashariki, anajikuta kwenye chumba cha kukaushia ngozi. Amejaribu nenda nyumba ya wageni, miguu imezunguka mara arobaini kisha ikamwambia ameshafika. Jana ilibidi aiache simu anayochezea mfukoni ikiwa imewashwa kazini usiku kucha, ili asivuliwe. Sasa chaji inaisha na Seremala haonekani.

Watu wawili waliokuwepo wakamjibu aandike nenda nyumba ya wageni. Akawajibu jambo ambalo mjukuu wangu hakunisomea.

Alitaka kunyamaza, aliniambia. Kidole kilikuwa tayari kwenye njia ya kitandani. Lakini kile kiwanda alikuwa anakijua. Akamwandikia yule mgeni kwamba anaitwa Mwenyeji, na kama anataka atamtoa.

Akajibiwa, "Wewe ndiye yule asiyeona, wa kwenye tangazo?"

"Ndiye."

"Mimi ninaona, macho mawili mazima, na siku ya pili hii nazunguka kwenye harufu ya ngozi. Sasa kipofu nani? Nitoe, dada. Mimi ni mlinzi, nimetoka zamu sasa hivi, nataka kulala."

Mjukuu wangu aliniambia hakuna mtu aliyempa heshima kama ile mwezi mzima. Akavuta kiti karibu, akazirudisha zile funguo sandukuni, humo mchezoni, ili zisimchanganye, akaanza kazi.

Akamweleza kosa liko wapi. Vyumba vya kukaushia ngozi ni saba, si kimoja. Aliyevijenga zamani alikuwa mvivu, akaandika maneno ya chumba cha kwanza kisha akayabandika yaleyale kwenye vingine sita. Ramani ya Seremala inakitambua chumba kwa maneno yake, basi imevihesabu vyote saba kuwa chumba kimoja chenye milango inayojirudia. Yeye anavijua vyote saba. Asichokijua ni mlinzi amesimama kwenye kipi, na mlinzi mwenyewe hajui. Dawa yake ni kuacha kitu sakafuni. Chumba chenye kitu chako si sawa na chumba kisicho na kitu chako, hata kama kuta zinafanana.

"Una nini mkononi?"

Alikuwa na mkate. Akamwambia auangushe, aende mashariki, amwambie kama anauona. Hauoni. Akamwambia aangushe kitu kingine, aende mashariki tena. Akaangusha kofia yake ya chuma kwa shingo upande, akaenda, akauona mkate. Mjukuu wangu akafurahi, kwa sababu vyumba vinavyorudishana hivyo kwa mlango wa mashariki ni cha kwanza na cha pili tu. Akamwambia sasa aende kusini, amwambie anaona nini. Akaona mkate uleule, mlango ulikuwa umemgeuza ukamrudisha ndani. Basi mkate uko chumba cha pili, kofia iko cha kwanza. Arudi kwenye kofia kwa mashariki, kisha kaskazini.

Lakini mlinzi alikuwa na usingizi. Katika mji ule huandiki neno zima, unaandika ka kwa kaskazini na ku kwa kusini, na kidole chenye usingizi hakibagui. Akaenda kusini. Akaandika kwa furaha kwamba ametoka, haoni kofia wala mkate. Mjukuu wangu akamuuliza kama anasikia harufu. Akaandika, "Nasikia."

Basi wakaanza upya. Akaangusha viatu. Akaenda upande aliotakiwa, akafika chumba kitupu, akaangusha mkanda. Akaenda, akarudi kwenye viatu. Akaenda tena, akafika kingine kitupu, akaangusha ngao, na ngao alibembelezwa, maana aliipata kwa kumuua nyoka na ndicho kitu pekee alichojivunia. Mjukuu wangu akimwuliza umebakiwa na nini, mlinzi anajibu, na kila jibu lilikuwa fupi kuliko lililotangulia. Mwisho akasema amebaki na shati na upanga, na Mfalme wa Radi hawezi kutoka kiwandani hana shati. Mjukuu wangu akamwuliza kama anapenda kutoka na shati lake kesho au bila shati sasa hivi. Shati likaanguka.

Shati ndilo lililowafungulia. Kutoka kwenye shati alikwenda kaskazini akaona ngao, na hapo mjukuu wangu akajua hatua zote zilizobaki. Hakumwambia kwa mkupuo. Alimtajia moja, akangoja amjibu anachokiona, akamtajia nyingine. Ngao. Kofia. Kaskazini, andika neno zima safari hii kaka yangu. Kitupu. Magharibi.

"Uko wapi?"

"Naona uchochoro. Kuna mwanamke anauza ndoo."

"Harufu?"

"Imeisha."

Wakati huo Seremala alikuwa ameamka. Alikuwa amesoma yote tangu kwenye mkate, akaja moja kwa moja kwenye benchi la mjukuu wangu, akasema kosa la vyumba saba ni lake, atalirekebisha leoleo. Akasema pia yule mlinzi ameteseka, ngoja ambebe mara moja hadi nyumba ya wageni.

Mjukuu wangu akamwambia asimbebe. Amezijua hatua zile kwa shati lake, mwache azimalize. Na alipokuwa ameshaanza kusema, akasema na la pili, ambalo kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kumwambia mtu uso kwa uso. "Na mimi msinibebe. Nikitaka mkono nitauomba, mdomo ninao. Ondoa lile tangazo, na ile amri ya kubeba iwe inamwuliza kwanza anayebebwa."

Seremala akamwuliza kama ndivyo inavyotakiwa hata barabarani. Akamwambia ndiyo, hata barabarani. Akasema hakujua. Dakika chache baadaye mtu aliyepita langoni akaandika kwenye mlio wa wote, akiuliza tangazo limekwenda wapi, na Seremala akamjibu kwamba lilikuwa limechorwa vibaya. Akamwomba mjukuu wangu, kama ana nafasi, apite mjini kote amwonyeshe vyumba vingine vyenye maneno ya kubandika, kwa sababu ramani peke yake haiwezi kuvitofautisha. Akamjibu atafikiria, ila kwanza ana mgeni.

Mgeni alikuwa amerudi kiwandani. Mjukuu wangu alipomwuliza yuko wapi, alijibu yuko kwenye kofia. Amefuata ngao yake na shati, na sasa anaokota kila kitu kwa mpangilio, na asisemeshwe asije akasahau. Mjukuu wangu alishika roho mkononi. Alimsikia akijitajia chumba kwa chumba kwenye mlio wa wageni, hakumsaidia hata neno, na baada ya kitambo yule mlinzi akatokea kwenye uchochoro wa muuza ndoo amevaa kila kitu, isipokuwa mkate. Alisema mkate ameuacha makusudi, kwa ajili ya atakayepotea baada yake.

Kutoka pale hadi nyumba ya wageni ni hatua kumi na moja. Ramani ingemfikisha, njia hiyo inaijua vizuri. Mlinzi akauliza kama aiandikie ramani au aambiwe. Mjukuu wangu akamwambia vyovyote vile, kazi ya ramani ni hiyo. Akasema basi aambiwe, chaji bado ipo kidogo, na akaambiwa: kusini mara tatu, hapo utaona kisima, na kama kuna joho limetundikwa pale ni langu, lichukue uniletee. Akalichukua. Mashariki. Mashariki tena. Angalia kuna ngazi, alimtania, na mlinzi akasema anaiona, asante, yeye anaona.

Akafika. Mjukuu wangu alikuwa ameshatangulia mlangoni, mlinzi akamkabidhi joho. Akamwuliza kama kesho jioni atakuwepo, maana anataka kwenda kwa nyoka mwingine na hajui njia, naye akajibu atakuwepo. Mlinzi akasema huko kwake jua limeshapanda, anafunga pazia, mkewe ameshatoka na watoto na nyumba imetulia. Akapanda kitandani humo mjini kwa amri, na kule kwake kwa miguu. Mjukuu wangu akangoja pale mlangoni asikie kama kuna swali lingine. Halikuja. Kilichokuja ni sauti ya kompyuta ikisoma mstari mmoja, kwamba Mfalme wa Radi amelala.